Kukoma hedhi kusiwe kukoma kutibiwa

Mnamo Novemba 10, 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kwamba sehemu kubwa ya onyo lililobandikwa juu ya dawa za homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi itaondolewa. Onyo hilo, lililozungushiwa kisanduku cheusi tangu mwaka wa 2003, lilikuwa likiwatahadharisha wanawake juu ya maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya matiti na hata kupotewa na kumbukumbu uzeeni. Habari hiyo ilienea kwa simu za mkononi hadi katika vyumba vya walimu huku Kisii na Nyamira, na kama ilivyo desturi ya habari zisafirizo kasi, ilifika ikiwa imekatwa mkia. Wapo walioelewa kwamba sasa dawa hizo hazina madhara yoyote.

Hilo silo lililotangazwa. Aidha, swali linalomkabili mwanamke wa Keroka au Ogembo silo lile linalomkabili mwenzake wa Chicago. Yule wa Chicago anajiuliza ikiwa aitumie dawa aliyokwisha kuelezwa na daktari wake. Mwanamke wa Gusii aghalabu hajaelezwa na mtu yeyote kwamba hali iliyompata ina jina, seuze kwamba ina dawa. Ndiyo sababu nimeonelea tulitazame jambo hili kwa utulivu, bila ushabiki wa wauza dawa na bila woga wa wasiosoma hadi mwisho.

Wajuzi wa tiba husema mwanamke amekoma hedhi ikiwa imepita miezi 12 mfululizo bila kuiona, pasipo mimba wala sababu nyingine. Kwa wengi jambo hili hutokea baina ya miaka 45 na 55. Ovari, ambazo zimekuwa zikitengeneza homoni ya estrojeni tangu ubaleghe, huipunguza kazi hiyo kwa kuyumbayumba na hatimaye huiacha kabisa. Ikumbukwe kwamba estrojeni si mtumishi wa uzazi peke yake. Ina kazi katika mifupa, katika mishipa ya damu, katika ngozi, katika kibofu cha mkojo, na katika ubongo, hasa ile sehemu inayolinda kiwango cha joto la mwili. Inapoadimika, ulinzi huo huvurugika. Joto hupanda ghafla kifuani, shingoni na usoni, jasho likamtiririka mama hata kama ukungu wa asubuhi ungali umetanda juu ya milima ya Manga. Usiku usingizi hukatika. Moyo hudunda mbio, hasira huwa karibu, majina ya watu humponyoka ulimini.

Yapo mambo ambayo wengi hawayajui kuhusu muda wa mateso haya. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba kwa kawaida fukuto hilo hudumu kiasi cha miaka 7 na zaidi, na kwa wanawake weusi wa nchi hiyo kiasi cha miaka 10. Hii si homa ya juma moja ya kuvumiliwa. Mwalimu aliyeanza kuona dalili akiwa na umri wa miaka 48 anaweza kustaafu nazo. Nimewahi kumwona mwalimu mmoja, bingwa wa somo lake, akikatiza mafundisho ili asimame dirishani na kujipepea kwa daftari. Wanafunzi walichekeana. Hawakuwa watovu wa adabu. Hakuna aliyewahi kuwafundisha kwamba walichokuwa wakikitazama ni sehemu ya somo la biolojia.

Kwa nini hakuna aliyewafundisha? Abagusii wana mwiko uitwao chinsoni, yaani adabu ya haya, unaomzuia mzazi kuzungumza na mwanawe mambo ya mwili na uzazi. Mwiko huo haukuwekwa kwa upumbavu. Palipojengwa ukuta baina ya mzazi na mtoto, palitobolewa mlango baina ya nyanya na mjukuu. Nyanya aliruhusiwa kutaniana na mjukuu wake na kumweleza yale ambayo mama hangethubutu kuyataja. Leo mjukuu yuko katika shule ya bweni, au Nairobi kwa wazazi wake, na nyanya amebaki kijijini na migomba yake. Mlango umefungika, ilhali ukuta bado umesimama.

Kimya hicho kina gharama, na huku kwetu gharama yenyewe imewahi kuwa damu. Mwanamke aliyeamshwa na fukuto usiku wa manane hutupa blanketi, hulegeza nguo, hufungua mlango na kutoka nje kutafuta ubaridi. Katika imani za kale za Abagusii, omorogi, yaani mchawi, ni mtu atembeaye usiku, tena akiwa uchi. Msomaji na aviweke viwili hivi pamoja. Mnamo Mei 2008, watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, waliteketezwa kwa moto katika eneo la Gusii kwa tuhuma za uchawi. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne waliuawa huko Marani kwa tuhuma zizo hizo. Sisemi kwamba marehemu hao walikuwa na fukuto. Hakuna awezaye kusema hivyo, na wauaji hawakuhitaji kisa kikubwa. Nisemalo ni kwamba jamii isiyo na jina la kitabibu kwa mambo yanayoupata mwili wa mwanamke aliyezeeka haitayaacha mambo hayo bila jina. Itayapa jina ililo nalo.

Je, tiba ipo? Ipo. Kwa fukuto na jasho la usiku, hakuna dawa iliyoonekana kuishinda homoni yenyewe. Uchambuzi wa majaribio mengi umeonyesha kwamba tiba hii hupunguza idadi ya mafukuto kwa takriban robo tatu. Aidha, huilinda mifupa isiwe myepesi na kuvunjika, jambo lisilo dogo kwa mwanamke apandaye na kushuka miteremko ya Gusii akiwa na kikapu cha majani chai au mkungu wa ndizi mgongoni. Vilevile huondoa ukavu wa uke, maumivu ya tendo la ndoa na maudhi ya mkojo. Kwa shida hizi za mwisho hata si lazima mwanamke ameze kidonge. Krimu ya estrojeni kidogo ipakwayo pale pale hutosha, na kiasi kiingiacho katika damu ni kidogo mno.

Hapa kuna jambo linalowahusu wanawake wa Gusii kuliko wengi wengine. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka wa 2008-09 ulionyesha kwamba asilimia 96 ya wanawake wa Kikisii wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Waliokuwa na miaka 35 na zaidi wakati huo sasa wamepita 50. Kovu halina ulaini wa ngozi iliyoachwa ilivyoumbwa. Kovu na ukavu vikikutana mahali pamoja, maumivu huwa mawili, na anayeyabeba huambiwa kwamba amemchoka mumewe.

Basi ikiwa dawa ina faida hizi zote, woga ulitoka wapi? Historia yake ni ya kuyumba kutoka ncha hadi ncha. Kidonge cha estrojeni kilichotengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wenye mimba kiliidhinishwa Marekani mwaka wa 1942. Mwaka wa 1966 daktari mmoja wa huko, Robert Wilson, alichapisha kitabu kilichouzwa sana akiahidi kwamba homoni itawafanya wanawake wasizeeke. Mwaka wa 1975 ikabainika kwamba estrojeni ikitumiwa peke yake na mwanamke ambaye bado ana mji wa uzazi huongeza saratani ya utando wa ndani wa mji huo. Dawa ya kasoro hiyo ilipatikana: kuongeza homoni ya pili, projestini, iuzuie utando huo usinenepe. Kisha ukaja mwaka wa 2002.

Uchunguzi mkubwa wa serikali ya Marekani, ujulikanao kwa herufi WHI, uliwachukua wanawake 16,608 wa umri wa miaka 50 hadi 79. Baadhi walipewa estrojeni pamoja na projestini, wengine kidonge kitupu. Mnamo Julai 2002, baada ya miaka 5 na kitu, uchunguzi huo ulisimamishwa. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba homoni huongeza saratani ya matiti kwa asilimia 26, na wanawake wengi wakatupa vidonge vyao.

Asilimia 26 ilikuwa kweli. Lakini mwalimu wa hisabati angeuliza papo hapo: asilimia 26 ya nini? Katika kila wanawake 10,000 waliomeza kidonge kitupu, 30 walipatwa na saratani ya matiti kwa mwaka. Katika kila 10,000 waliomeza homoni, walipatwa 38. Waliozidi ni wanane. Waliopatwa na kiharusi walitoka 21 wakawa 29. Wenye damu iliyoganda na kuziba mapafu walitoka 8 wakawa 16. Wenye maradhi ya moyo walitoka 30 wakawa 37. Upande wa pili wa mizani, waliovunjika nyonga walipungua kutoka 15 hadi 10, na wenye saratani ya utumbo mpana wakapungua kutoka 16 hadi 10. Mwanafunzi anayejua tofauti baina ya uwiano na idadi halisi angeweza kuwatuliza wengi mwaka ule.

Jambo la pili ni umri. Wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, yaani wengi wao walikuwa wamekwisha kukoma hedhi zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kumwanzishia homoni mwanamke wa miaka 70 ambaye mishipa yake imekwisha kuanza kuziba si sawa na kumpa mwenye miaka 50 aliye katikati ya mateso. Leo wataalamu wanakubaliana kwa jumla kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu kukoma hedhi, na ambaye dalili zinamsumbua, faida kwa kawaida huzidi madhara. Wale waliokoma kabla ya miaka 45, na zaidi wale waliokoma kabla ya 40 au waliotolewa ovari kwa upasuaji, wana haja kubwa zaidi, kwani mifupa na moyo wao hukosa estrojeni kwa miaka mingi ambayo maumbile hayakukusudia. Mwaka wa 2017 waliowafuatilia wanawake wa WHI kwa miaka 18 walieleza kwamba vifo vya waliotumia homoni havikuzidi vya wasioitumia.

Hata hivyo, tusihame kutoka ncha moja na kuangukia nyingine. Mwaka wa 2019 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa takwimu nyingi kutoka nchi tajiri. Ilionekana kwamba katika kila wanawake 50 wanaoanza homoni mbili wakiwa na miaka 50 na kuzitumia kila siku kwa miaka mitano, mmoja hupata katika kipindi cha miaka 20 saratani ya matiti ambayo asingeipata. Kwa waliotumia estrojeni peke yake, ni mmoja katika kila 200. Mmoja katika 50 si idadi ya kutisha, wala si ya kupuuzwa. Katika shule yenye walimu wa kike 50, huyo mmoja ana jina. Na hata tangazo la Novemba 2025 halikufuta yote: onyo la saratani ya mji wa uzazi kwa watumiao estrojeni peke yake lilibakizwa.

Wapo wasiofaa kabisa kuimeza dawa hii: aliyepata kuugua saratani ya matiti, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo, aliyepata kuganda damu katika mishipa ya miguu au mapafu, mwenye maradhi makali ya ini, na anayetokwa na damu ukeni bila sababu kujulikana. Huyu wa mwisho ni wa kukimbizwa hospitalini, kwani damu irudiayo baada ya hedhi kukoma huenda ikawa ni saratani inayobisha hodi. Mwenye shinikizo la damu sharti litulizwe kwanza. Atumiaye dawa za kupunguza makali ya UKIMWI amweleze daktari, maana baadhi ya dawa hizo na homoni hupunguziana nguvu. Estrojeni ya kubandikwa au kupakwa juu ya ngozi haionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama ile ya kumezwa. Na atakayenunua vidonge vya kupanga uzazi akidhani ni dawa ile ile ajue kwamba vingi kati ya hivyo vina homoni yenye nguvu kubwa zaidi, na katika umri wake huweza kumdhuru.

Kwa hivyo dawa hii si sumu, wala si maji ya uzima. Ni dawa ya kupimwa kwa mizani. Lazima ajulikane mwanamke ana umri gani, ana mji wa uzazi au hana, shinikizo lake la damu ni kiasi gani, matiti yake yamechunguzwa lini, na katika ukoo wake wamekufa kwa maradhi gani. Swali langu ni hili: kwa mwanamke wa Kisii na Nyamira, mizani hiyo iko wapi?

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Tunayo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, tunayo hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Nyamira, na zahanati zimetapakaa hadi vijijini. Mwanamke mjamzito ana siku yake ya kliniki. Mtoto wa kuchanjwa ana siku yake. Tangu Juni 2013 serikali ilipofuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, mama anayezaa ametambuliwa kuwa ni amana ya taifa, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini siku ya mwanamke aliyemaliza kuzaa sijaiona katika ubao wa zahanati yoyote niliyoingia. Ni kana kwamba taifa lilikuwa na haja na tumbo lake tu, na likishafunga kazi, mwenyewe aende akajitegemee. Bima ya zamani ya NHIF ilipovunjwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii kuanza kazi Oktoba 2024, tuliahidiwa afya kwa wote. Wote ni pamoja na mwenye miaka 52.

Najua hoja itakayoletwa. Patasemwa kwamba kaunti ambazo mara nyingine hukosa hata dawa za malaria haziwezi kuulizwa homoni, na kwamba nyanya zetu walipitia hali hii bila vidonge. Ni hoja yenye uzito, lakini haifiki mbali. Walio wengi hawahitaji dawa hata kidogo. Wanahitaji kuelezwa kwamba hawajarogwa, hawajapungukiwa na akili, na kwamba hali hiyo ina mwisho. Maelezo hayanunuliwi kutoka ng'ambo. Kipimo cha shinikizo la damu kimo katika zahanati, na mikono ya muuguzi ya kukagua matiti imo. Kinachokosekana ni mafunzo ya siku chache kwa wauguzi na maafisa wa kliniki, siku moja katika ratiba, na njia ya kuwapeleka kwa daktari wa wanawake wale wachache ambao hali yao ni nzito. Ama kuhusu nyanya zetu, kustahimili kwao si ushahidi kwamba hawakuumia. Ni ushahidi kwamba hawakuulizwa.

Palipo na pengo hilo, mwingine hulijaza. Anayeuza mizizi katika soko la Daraja Mbili hataki kujua ikiwa mteja wake aliwahi kuganda damu. Mwenye duka la dawa asiye na ujuzi hataki kujua ikiwa ana mji wa uzazi. Kumlaumu mwanamke anayewaendea hawa ni kumlaumu mwenye kiu kwa kunywa maji ya mtaro ilhali bomba limekauka.

Walimu wenzangu, sehemu yetu iko wazi. Nyanya aliyekuwa akifundisha nyuma ya ule mlango hayupo tena karibu na mjukuu, na kiti chake tumekikalia sisi, tupende tusipende. Anayefundisha uzazi katika biolojia asiishie penye mimba, akafunga kitabu. Anayefundisha hisabati anaweza kuwapa wanafunzi hesabu ile ya 30 na 38 waone jinsi asilimia iwezavyo kutisha na jinsi idadi iwezavyo kutuliza. Mwalimu mkuu anaweza kumruhusu mwenzake akae karibu na dirisha, au apumzike dakika tano, bila kumtaka ajieleze mbele ya watu. Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani likizoni mkamkuta nyanya ameketi nje usiku akijipepea, mmeshajua ni nini. Semeni, tena kwa sauti, majirani wasikie.

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Mama zetu hawakuuficha, na sisi tulio hai leo ni mashahidi wao. Isiwe kwamba baada ya kutuzaa wamelazimika kuanza kuuficha, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kuwauliza wanaumwa wapi.